Kwa nini Waingereza husema "tea" ilhali Wachina husema "chá"?

SWALI: Nafundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima walioko China. Tulipofika somo la kuagiza vinywaji, mmoja aliuliza: kama chai ilitoka kwetu, na sisi twaiita chá, Waingereza walilitoa wapi neno "tea"? Mwingine, mwenyeji wa Xiamen, akamjibu kwamba kwao nyumbani husema "te", darasa likaanza kubishana. Kisha wakataka kujua mbona sisi Waswahili twasema chai, nikakwama. Nimeona mtandaoni ramani inayodai kwamba walioipata kwa bahari husema "te" na walioipata kwa nchi kavu husema "cha". Ni kweli? Naomba pia msaada wa kulifundisha neno lenyewe, maana wao huita "red tea" kitu ambacho kitabu kinakiita "black tea".

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako wa Xiamen amesema kweli, na huyo wa kwanza naye hakukosea. China nzima huandika herufi moja, 茶, lakini kila upande huisoma kivyake. Beijing husoma chá, kwa sauti inayopanda. Guangzhou na Hong Kong husoma cha kwa sauti ya chini inayoshuka. Shanghai ni karibu na zo. Fuzhou ni ta. Xiamen, Quanzhou, Zhangzhou, Chaozhou na wasemaji wa Min ya Kusini (Kichina cha pwani ya kusini mwa mkoa wa Fujian na jirani zake) walioko Taiwan husema te. Hiyo te ndiyo iliyowafikia Waingereza.

Tafadhali usiwaambie wanafunzi kwamba "tea" ni "chá" iliyoharibikia vinywani mwa Wazungu. Maelezo hayo yameenea sana, na ndiyo yanayozaa ubishi, kwa sababu Mchina makini atakuuliza papo hapo: ch ikawaje t? Haikuwa t kamwe. Mwendo ulikuwa wa kinyume. Wataalamu wa historia ya sauti za Kichina, wakisoma kamusi za vina za karne ya 6 na ya 7, wanakubaliana kwamba herufi za kundi hili zamani zilianza kwa sauti ya jamii ya d na t, iliyotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma kidogo. Katika sehemu kubwa ya China sauti hiyo ilisogea taratibu ikawa ch au zh. Lahaja za Min, zilizokuwa zimeshachukua njia yao nyuma ya milima ya Fujian, hazikufuata badiliko hilo, zikabaki na t. Kwa hiyo te na chá ni ndugu wa baba mmoja, na kwa upande wa sauti ya mwanzo te ndiyo iliyobaki karibu zaidi na mzee wao.

Ushahidi wanao wanafunzi wenyewe, tena bila kufungua kamusi. Waulize jina la ukoo 陈, ambalo kwa Kimandarini ni Chén, huandikwaje Singapore na Malaysia. Watakwambia Tan. Jina 郑, Zhèng, huko huandikwa Tay au Teh. Jina 张, Zhāng, huandikwa Teo. Wahamiaji wengi wa huko walitoka Fujian na Chaozhou, wakaenda na t yao. Ukiziandika ubaoni jozi hizo tatu kisha chini yake ukaandika chá na te, hakuna atakayebisha tena, maana ataona safu moja ya ch na zh upande huu na safu moja ya t upande ule.

Kuna ushahidi mwingine ulio kwenye maandishi. Kabla ya enzi ya Tang chai iliandikwa mara nyingi kwa herufi 荼, yenye mikato 10 ya kalamu, iliyotumika pia kwa mimea michungu. Katika karne ya 8, wakati Lu Yu alipoandika kitabu chake maarufu kuhusu chai, mkato mmoja uliondolewa na herufi 茶 yenye mikato 9 ikashika nafasi yake. Herufi ya zamani bado ipo kwenye msemo wa herufi nne rú huǒ rú tú, 如火如荼, unaosemwa kwa jambo lililopamba moto. Wanafunzi wa shule China huisoma kimakosa chá kwa sababu ya huo mkato mmoja, na walimu wao huwasahihisha kila mwaka: ni tú. Mwonyeshe mwanafunzi kwamba tú nayo inaanza kwa t, kisha mwache aunganishe mwenyewe.

Sasa safari ya kwenda Ulaya. Wareno walipiga kambi Macau mwaka 1557, mahali panaposemwa Kikantoni, wakachukua cha. Hadi leo Kireno husema chá, wakati majirani zao Wahispania husema té. Wadachi, yaani Waholanzi, walikuja baadaye. Kampuni yao ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, makao yao yakawa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, na kuanzia 1624 hadi 1662 walikuwa na ngome Taiwan. Kote huko wafanyabiashara wa Kichina waliokutana nao walikuwa hasa watu wa Fujian ya kusini, wasemaji wa te, na Wamalay pia walikuwa na teh yao. Wadachi wakaandika thee. Wao ndio waliokuwa wauzaji wakubwa wa chai Ulaya katika karne ya 17, na neno lao likaenda pamoja na shehena: Kifaransa thé, Kijerumani Tee, Kiitalia tè, na Kiingereza "tea".

Kwa Kiingereza, hata hivyo, "cha" ndiyo iliyotangulia, na hapa wanafunzi hushangaa. Mwaka 1598 kitabu cha safari cha Mdachi Jan Huygen van Linschoten kilipotafsiriwa kwa Kiingereza, kiliandika chaa. Mwaka 1615 wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki aliyekuwa Hirado, Japani, alimwandikia mwenzake amtafutie chungu cha chaw iliyo bora. Miaka 43 baadaye, Septemba 1658, gazeti moja la London lilichapisha tangazo la kinywaji cha China, likasema Wachina hukiita Tcha na mataifa mengine hukiita Tay au Tee. Tangazo hilo moja lina matamshi yote tuliyoyajadili, na linafaa kuwekwa mbele ya darasa lolote. Tarehe 25 Septemba 1660 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba ameagiza kikombe cha tee, kinywaji cha China ambacho hakuwahi kukinywa. Ushindani uliishia hapo. Hata Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1662 na kuifanya chai kuwa fahari ya jumba la mfalme, hakuweza kulirudisha chá la kwao. Na biashara ya Waingereza ilipokuja kutulia Guangzhou katika karne ya 18, mahali pa wasemaji wa cha, neno lilikuwa limeshaota mizizi.

Swali ambalo hukuliuliza lakini litaulizwa ni hili: kama Xiamen ni te na Kidachi ni thee, mbona Kiingereza kinatamka ti? Zamani hakikutamka hivyo. Hadi mwanzo wa karne ya 18 Waingereza wengi walisema "tay". Mshairi Alexander Pope, akiandika katika miaka ya 1710, aliliweka neno "tea" liwe kina na "obey", na kina hicho kilikuwa sahihi sikioni mwa wasomaji wake. Tahajia ya ea wakati huo ilikuwa na sauti ya e ndefu katika maneno mengi. Kisha maneno hayo yakahama pamoja: "sea", "meat", "tea" yote yakaenda kwenye i ndefu. Machache yaligoma kuhama, na ndiyo maana "great", "break" na "steak" yanatamkwa tofauti mpaka leo. Huko Ireland utasikia bado wazee wakisema "tay". Kwa mwanafunzi anayelalamika kwamba tahajia ya Kiingereza haina mpango, mfano huu ni wa thamani: herufi ea zilikuwa na mpango, ila sauti iliondoka na maandishi yakabaki.

Kuhusu ile ramani: ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inavunjikia pwani yetu. Ni kweli kwamba Urusi, Uajemi na Asia ya Kati zilipata cha kwa misafara ya nchi kavu, na kwamba meli za Wadachi zilisambaza te. Lakini Ureno ilipata chá kwa meli. Japani haiwezi kufikiwa kwa ngamia, nayo husema cha. Chai yetu pia ilikuja kwa bahari. Tazama na upande wa kusini: Malawi haina pwani, lakini Kichewa husema tiyi, kutoka Kiingereza, kwa sababu ni Waingereza walioanzisha mashamba huko. Ukivuka mpaka kutoka Tanzania kuingia Malawi umetoka kwenye chai na kuingia kwenye tiyi bila kuona bahari. Madagaska, kisiwa kilichozungukwa na bahari, husema dite, kutokana na Kifaransa. Kinachoamua ni nani aliyekuuzia mara ya kwanza na lugha gani mliyopatania bei. Huo ndio ufafanuzi ninaopendekeza uwape, na hauhitaji ramani.

Neno letu basi lilipitia wapi? Kiajemi kilichukua cha kikaongeza y mwishoni, ikawa chay. Umbo hilo likaenea Urusi, Uturuki na Bara Hindi, na kutoka huko likavuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara. Kiarabu cha maandishi hakina sauti ya ch, kwa hiyo huandika shay, na Kisomali husema shaah. Kuwepo kwa ch katika chai yetu kunaonyesha kwamba neno halikutoka moja kwa moja kwenye hiyo shay, bali upande wa Kihindi na Kiajemi. Kutoka pwani likapanda bara: Waganda husema caayi, Warundi icayi, Wanyarwanda icyayi. Mwanafunzi akikuuliza tena, jibu la sentensi moja kwa Kiingereza rahisi linatosha: "We got it from India and Persia, across the Indian Ocean."

Kwa faida ya darasa, malizia historia kwa jambo ambalo Wachina hulifurahia sana: Kiingereza cha leo kina 茶 mara tatu. Kuna "tea" kutoka Xiamen kupitia kwa Wadachi. Kuna "cha", iliyoandikwa pia "char", ambayo Waingereza wa kawaida husema wakiwa nyumbani au kazini, kama katika "a cup of char". Na kuna "chai", iliyoingia kutoka India, ambayo kwenye mikahawa ya London au Chicago haina maana ya chai yoyote, bali chai ya maziwa yenye viungo kama iliki, tangawizi na mdalasini. Hapa na wewe jihadhari: ukiteleza ukasema "I drink chai every morning", mwanafunzi aliyezoea mikahawa hiyo atadhani unakunywa ya viungo.

Tuje kwenye rangi. Mkanganyiko wa "red tea" hautokani na uzembe wa wanafunzi. Wachina huita 红茶, hóngchá, yaani chai nyekundu, kwa kutazama maji yaliyomo kikombeni. Waingereza huita "black tea" kwa kutazama jani kavu lililo kwenye kopo. Ni kitu kile kile, jani lililoachwa lifanye kazi na hewa mpaka likaiva rangi. Tatizo ni kwamba Wachina wana pia 黑茶, hēichá, chai nyeusi kweli kweli, inayochachushwa kwa vijidudu baada ya kukaushwa na huweza kuhifadhiwa miaka, kama ile ya Anhua mkoani Hunan au Pu'er iliyoivishwa ya Yunnan. Mwanafunzi akiitafsiri neno kwa neno, hēichá inakuwa "black tea" na kumpotosha msikilizaji. Kwa Kiingereza hiyo ni "dark tea". Nayo "red tea" dukani humaanisha mara nyingi kinywaji cha rooibos cha Afrika Kusini, ambacho si jani la mchai kabisa. Nyingine hazina tabu: 绿茶 ni "green tea", 白茶 ni "white tea", 黄茶 ni "yellow tea". Ya sita, 青茶, isitafsiriwe rangi yake. Ni "oolong", kutoka wūlóng.

Ongeza onyo moja la vitendo. "Black tea" ina maana ya pili, ile ya chai isiyo na maziwa, kama sisi tunavyosema chai ya rangi. Mwanafunzi akienda Uingereza akasema tu "tea, please", ataletewa hóngchá, kwa kawaida na maziwa pembeni au yameshatiwa ndani. Akiitaka kama ya kwao afundishwe kusema "black tea, no milk, please". Maneno machache ya ziada yanamwokoa kikombe kizima.

Kwa wanafunzi wa Fujian kuna zawadi ya ziada, nayo iko Mombasa. Kwenye mnada wa chai wa pale madaraja makuu ya chai iliyosagwa kwa mashine ni BP1, PF1, PD na D1. P hiyo ni "pekoe", neno la Min ya Kusini, kwa Kimandarini 白毫, báiháo: vinyweleo vyeupe vilivyo kwenye ncha changa ya mchai. Neno lilianza kama sifa ya jani laini, leo kwenye magunia ya Kericho linataja ukubwa wa chembe tu, lakini sauti yake bado ni ya Fujian. "Bohea" ya Waingereza wa karne ya 18 nayo ni milima ya Wuyi kama itamkwavyo na watu wa Min ya Kusini. Waulize wanafunzi wayatambue maneno haya mawili wenyewe kabla hujawaambia. Wa Xiamen atayapata, wa Beijing hatayapata, na huo ni mjadala mzuri wa Kiingereza.

Sasa matamshi, na hapa tatizo la kwanza laweza kuwa lako kuliko lao. Kimandarini hutenganisha t na d kwa pumzi. T ya pinyin (Kimandarini kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) hutoka na pumzi kali, d ya pinyin haina pumzi, na mtetemo wa kooni hauhusiki. T ya Kiswahili wanayoizungumza wengi wetu ina pumzi kidogo au haina kabisa. Ukisema "tea" kwa t ya "tikiti", sikio la Kichina linasikia 弟, dì, na mwanafunzi anaandika "D". Usidhani hasikii vizuri. Anasikia kwa usahihi mno. Jipime kwa kipande cha karatasi laini ya chooni kilichoshikwa kama sentimita 5 mbele ya midomo. Ukisema "tea" karatasi iruke. Ukisema "steam" isiruke, maana baada ya s Waingereza huondoa pumzi, na t hiyo inakuwa karibu sawa na d ya pinyin. Wanafunzi wako watafanya kinyume kwenye neno la pili: wakiona herufi t watapuliza, na "steam" itatoka na mlipuko katikati. Waambie wafikirie "s" ikifuatiwa na dì. Jozi za mazoezi zinazofaa ni "tea" na herufi "D", "two" na "do", "ten" na "den", "team" na "deem". Dakika tano zinatosha, mradi wewe umeshalifanya zoezi hilo peke yako kwanza.

Angalia pia kifaa. Programu za mikutano hupunguza kelele, na pumzi ya t inaweza kuchukuliwa kuwa kelele ikakatwa. Kama mipangilio inaruhusu, zima kipunguza kelele wakati wa zoezi hili, na usogeze maikrofoni pembeni ya mdomo ili pumzi isiipige moja kwa moja.

Njia ya mkato ipo: "tea" na herufi "T" hutamkwa sawasawa, na Wachina tayari huisema herufi hiyo kila siku katika T恤, fulana. Anayesema T恤 vizuri anaweza kusema "tea". Kitakachobaki ni toni. Mchina hutafuta toni moja ya kudumu kwa kila neno, na wengi huipa "tea" toni ya nne, fupi na yenye kukata, hata anapouliza. Mpe neno hilo katika hali tatu: "Tea?" sauti ikipanda, "Tea." ikishuka taratibu, na "Tea, coffee, and milk" ambapo "tea" na "coffee" zinapanda kidogo na "milk" inashuka. Arudie mpaka aone kwamba neno halibadiliki maana.

Sarufi yake ni rahisi kuliko inavyoonekana, ila kuna mtego mmoja ambao Mswahili hauoni. Kimandarini husema 一杯茶, yì bēi chá, moja kikombe chai, bila kiunganishi kati ya kikombe na chai. Matokeo ni "a cup tea". Sisi tuna "kikombe cha chai", kwa hiyo "of" inatujia yenyewe na hatukumbuki kuifundisha. Ifundishe kwa makusudi, tena katika usemi wa haraka, kwa sababu "of" hapo hudhoofika hadi kubaki e hafifu, na mwanafunzi asiyeisikia hataiandika. Kwenye wingi s huenda kwenye kikombe: "two cups of tea". Kaunta ya mkahawa inaruhusu "two teas, please", na wanafunzi waijue, lakini kwenye insha ya mtihani watumie "cups". Watofautishe pia 茶杯 na 一杯茶: "a teacup" ni chombo, kiwe kitupu au kimejaa, "a cup of tea" ni kinywaji chenyewe.

Kitenzi ni "make tea". Mchina atataka "soak", kutokana na 泡. Wewe, ukiwa na "pika chai" kichwani, unaweza kuteleza ukasema "cook tea". Kaskazini ya Uingereza "cook tea" ni kupika chakula cha jioni, kwa kuwa huko "tea" ni mlo. Basi mwanafunzi anayekwenda kusoma Manchester au Leeds ajue kwamba akialikwa "for tea" saa kumi na mbili jioni aende na njaa. "Afternoon tea" ni ile ya keki na sandwichi ndogo, kama saa kumi alasiri. "High tea" kwa asili yake ni mlo wa moto wa jioni wa wafanyakazi, ingawa hoteli za kitalii siku hizi huchanganya majina hayo mawili.

Kuna maneno ya Kichina yenye chá ambayo yasipewe "tea" kiholela. 凉茶, liángchá, si chai ya barafu. Ni dawa ya mitishamba ya watu wa Guangdong, mara nyingi hunywewa moto, na kwa Kiingereza inaelezwa "herbal tea". 早茶, zǎochá, ni kifungua kinywa cha Kikantoni chenye vyakula vidogo vidogo vya kupikwa kwa mvuke. Mwingereza hukiita "dim sum". 奶茶, nǎichá, ni "milk tea", na yenye lulu za mihogo ni "bubble tea". "Tea with milk" ya Kiingereza ni kitu kingine, chai ya kawaida iliyodondoshewa maziwa.

Misemo usiweke mingi. Miwili inatosha kwa kiwango cha kati, na yote miwili hukaa vizuri kwenye ukanushi. "It's not my cup of tea" ni kusema jambo halinivutii, kwa upole. Wanafunzi wengi huigeuza "it is my cup of tea" kwa kila kitu wanachopenda, na ingawa kisarufi hakuna kosa, Mwingereza husema hivyo kwa nadra. "I wouldn't do it for all the tea in China" ni kukataa kabisa, hata kwa malipo makubwa kiasi gani. Huu wa pili wape mwishoni mwa kipindi, kisha kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho hangekifanya, akitamka t kwa pumzi na "of" ikiwa hafifu, wewe ukisikiliza hayo mawili tu na kuyaacha makosa mengine yapite kwa leo.